Kabla hujamlipa fundi, angalia mwezi

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mama yangu anauza dagaa Kibirizi tangu sijazaliwa. Nimepata wazo la programu ya simu: mnunuzi wa Dar es Salaam au Dodoma ataona bei ya dagaa ya siku hiyo, ataagiza, atalipa humohumo, na ataona gari lenye mzigo wake limefika wapi. Itakuwa na sehemu ya kuchati, na baadaye mikopo kwa kina mama. Lengo ni kumwondoa dalali. Fundi mmoja wa Dar ameniambia milioni saba, nusu kwanza. Ninayo milioni moja na laki nane, nyingine nataka kukopa. Bei hiyo ni ya haki? Nitamzuiaje asiniibie wazo? Nianze na Android au iPhone? Halafu rafiki yangu ananiambia niachane na dagaa nitengeneze gemu, ndiko kwenye hela. Na jina nililoichagulia programu, nimekuandikia pembeni, ni zuri?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la haraka: usikope, na usimtumie huyo fundi hata shilingi kwa sasa.

Sisemi milioni saba ni nyingi wala chache. Ukimwonyesha fundi makini orodha yako, yaani bei, oda, malipo, kufuatilia gari, kuchati na mikopo, atakuambia hizo ni programu sita, na kwa hela hiyo utapata vipande sita ambavyo hakuna kimoja kilichokamilika. Lakini hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba wewe mwenyewe hujajua bado unataka ujengewe nini, na fundi hawezi kulijua hilo kwa niaba yako. Atajenga alichokielewa kwenye simu, akiwa Dar, mwalo, pale maboti yanaposhusha dagaa, hajauona hata kwa picha.

Nikupe mfano wa jambo ambalo hukuliandika kabisa, na wewe ni mtoto wa muuza dagaa: mwezi.

Unalijua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola na betri. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Mwezi hukamilisha mzunguko wake kwa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo katika kila mzunguko kuna karibu wiki nzima mwalo umepoa. Sasa mfikirie mnunuzi wa Dodoma aliyepakua programu yako leo. Anaifungua Jumatatu, hakuna mzigo. Jumatano, hakuna mzigo. Ijumaa simu yake inamwambia nafasi imejaa, afute kitu. Atafuta nini? Watu wa mjini hawahesabu mwezi, atajua tu kwamba programu yako ni tupu.

Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Kama programu yako ingekuwa hewani mwaka ule, robo nzima ya mwaka ingesinzia huku seva inadai malipo yake kila mwezi kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza Android au iPhone, jiulize programu itamfaa nini mtu siku ambazo dagaa hakuna. Labda itamwonyesha mzigo mkavu uliobaki stoo. Labda itamwambia tu: mzigo mpya utegemee kuanzia tarehe fulani, weka oda yako sasa. Mimi naona hiyo kalenda ya giza huenda ikawa ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote ulivyonitajia, na ni rahisi mno kuitengeneza, maana tarehe za mwezi mpevu zinajulikana miaka mingi mbele.

Sasa nikupeleke mahali ambapo wazo lako lipo hasa. Asubuhi moja nilikuwa Kibirizi nasubiri boti, nikakaa karibu na mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa juani, juu ya chanja, ile meza ya kuanikia, si chini mchangani. Simu yake ya kitochi ameifunga kwenye pindo la kanga. Ikalia. Akajifuta mikono, akafungua fundo, akapokea kwa sauti kubwa, nami nikasikia pande zote mbili.

“Mzigo upo?”

“Upo.”

“Wa chanja au wa mchanga?”

“Wa chanja, mchanga nimeacha siku nyingi.”

“Umekauka?”

“Ukiushika unalia.”

“Gunia ngapi?”

“Nne. La tano nusu.”

“Bei ileile?”

“Imepanda kidogo, juzi upepo haukutaka mchezo.”

“Nirushie picha basi.”

Mama akacheka. “Simu yangu haina macho. Subiri niazime kwa mwanangu.”

Haikufika dakika moja. Mdogo wangu, programu yako ni hiyo. Maswali matano na picha moja. Kuchati hakumo, kwa sababu wameshaongea. Kufuatilia gari hakumo, dereva ana simu na mnunuzi anayo namba yake. Mikopo haimo, na iache isiwemo kwa miaka kadhaa. Kitu pekee ambacho yule mama alikikosa ni macho ya simu, na kitu pekee ambacho yule mnunuzi alikikosa ni kujua, bila kupiga simu kwa kina mama kumi, nani asubuhi ile ana mzigo wa chanja uliokauka. Kaandike hivyo, sentensi mbili, ubandike ukutani. Ukija na kipengele kipya, kipime kwa sentensi hizo. Kisipozitumikia, kinangoja.

Tena ona watumiaji wako ni watu wa aina mbili. Mnunuzi ana simu janja, kitochi ni cha mama, na mama ana mikono yenye magamba na jua linalomwakia usoni. Ukiwajengea programu moja wote wawili, mmoja utamkosa, na utakayemkosa ni mama, ambaye bila yeye hakuna mzigo wa kuonyesha.

Hapo ndipo tunamfikia dalali wako unayetaka kumwondoa. Nisikilize vizuri, maana hapa nilishaungua.

Mwaka 2017 mimi na mwenzangu tulitengeneza programu ya kuita bodaboda hapahapa mjini. Miezi saba ya kazi. Ramani, nyota za kumpima dereva, kila kitu. Tulisajili madereva, tukawapa fulana, tukapiga picha. Wiki ya tatu, aliyekuwa anaita pikipiki kwa kutumia programu ile nilikuwa mimi peke yangu, tena nikijificha dereva asijue ni mimi. Nikamuuliza mmoja kwa nini hata simu haiwashi. Akanijibu kwa upole, kama anayemfariji mfiwa: “Dada, abiria wangu wana namba yangu.” Basi. Kigoma si mji wa kutafuta dereva usiyemjua. Tulitatua shida ya mji mwingine. Sentensi ile ningeweza kuipata kwa soda moja pale stendi kabla hatujaandika mstari wa kwanza.

Kwa hiyo kabla hujamwondoa dalali, kaa naye siku mbili uandike anachofanya. Utakuta anawajua kina mama wote na wanaochanganya mchanga. Anatia mkono ndani ya gunia mpaka chini. Mara nyingine anatanguliza hela yake mfukoni, mama apate ya kula leo. Anasimamia mzigo unapopakiwa. Na mzigo ukifika Dar umeoza au umepungua, kuna mtu wa kulaumiwa ambaye nyumba yake inajulikana. Programu inaweza kufanya lipi kati ya hayo? Moja, labda moja na nusu: kujulisha nani ana nini. Kutia mkono ndani ya gunia haiwezi. Maoni yangu, na wengine watanibishia, ni kwamba dalali ndiye mteja wako wa kwanza. Yeye ana simu janja, ana haraka, ana hela, na asubuhi anapoteza muda mwingi na vocha nyingi kuulizia mzigo. Mrahisishie hilo, utakula naye. Ukimtangazia vita, siku ya pili mwalo mzima utakuwa umeambiwa programu yako ni ya matapeli.

Sasa kazi yenyewe. Nataka uiendeshe biashara hii kwa mkono, bila programu, kwa vipindi viwili vya giza. Nunua daftari kubwa. Tafuta kina mama kumi, mama yako akiwa wa kwanza, na wanunuzi au madalali watano. Kila asubuhi ya mzigo nenda mwaloni, uliza yale maswali matano, piga picha kwa simu yako, kisha tuma kwenye kundi la WhatsApp la wale watano: nani, aina gani, kiasi gani, bei gani. Kwenye daftari andika kila anayeuliza, kama biashara ilifanyika, na kama haikufanyika, kwa nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo utakayoisoma mara nyingi kuliko zote. “Bei” itatokea. “Hakuamini picha” itatokea. “Alipiga simu mama hakupokea” itatokea sana, na itakufundisha kitu ambacho hakuna fundi angekuambia.

Kuna jambo litakusumbua kuanzia siku ya kwanza, afadhali nikutahadharishe: kipimo. Ukituma “gunia bei fulani”, gunia la nani? La mama huyu limefungwa kwa kipimo, la yule ni lumbesa lina kichwa kama kilemba. Mwingine anauza kwa debe, mwingine kwa kisado, mnunuzi wa Dar anahesabu kilo. Mpaka upate njia ya kuzilinganisha bei hizo, huna orodha ya bei, una kelele. Beba mzani mdogo. Pima magunia ishirini ya watu tofauti uone yanapishana kiasi gani. Nakuhakikishia siku utakapokaa na fundi ukamwekea jedwali la vipimo vyako mezani, ataanza kukuita bosi.

Wiki ya tano au ya sita fanya jaribio ambalo mimi huwapa wote wanaonifuata na mawazo. Siku moja ya mzigo mzuri, usitume chochote. Kaa kimya. Usiage, usieleze. Tazama simu yako mpaka adhuhuri. Wakipiga watatu kuuliza “vipi leo, mbona kimya?”, una wazo. Asipopiga mtu, una kundi la WhatsApp ambalo watu walikuwa wanalivumilia kwa sababu wewe ni mtoto mzuri wa mama fulani. Baada ya jaribio hilo waombe hela. Kidogo tu, hata elfu mbili kwa wiki kwa kila dalali. Kusifiwa wazo ni bure, ila mtu akitoa elfu mbili amekuambia ukweli.

Katika vipindi hivyo viwili usitumie zaidi ya laki mbili: daftari, mzani, bando, nauli. Iliyobaki itulie.

Ukivuka hapo, ndipo tunachora. Kata karatasi ngumu kwa ukubwa wa simu, chora kila skrini kwa kalamu. Ninavyoona mimi zitakuwa tatu: orodha ya mizigo ya leo, mzigo mmoja na picha yake, na kitufe cha kupiga simu. Mpe dalali karatasi ya kwanza, mwambie “tafuta mzigo wa chanja, zaidi ya gunia tatu”, kisha ufunge mdomo. Anapobonyeza kwa kidole, wewe unabadilisha karatasi. Nilifanya hivi na programu moja ya wakulima; mzee mmoja alikuwa anabonyeza picha ya gunia badala ya kitufe kikubwa cha kijani nilichokipamba siku mbili. Wa pili akabonyeza picha. Wa tatu picha. Kitufe nikakitoa, picha ikawa ndiyo kitufe. Kubadilisha karatasi ni dakika tano. Kubadilisha programu iliyokwisha andikwa ni ankara nyingine kutoka kwa fundi.

Teknolojia sitakaa nayo sana, kwa sababu ukifika hapa itakuwa imejichagua yenyewe. Mama hahitaji kusakinisha kitu. Yeye apige simu au atume ujumbe mfupi, wewe au kijana wako mwaloni aingize taarifa. Zile menyu za nyota na reli zinafaa sana kwa vitochi, lakini namba yake inapitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na makubaliano na mitandao ya simu, na gharama yake si ya mtu anayeanza. Kwa mnunuzi na dalali, anza na Android. Akaunti ya kuweka programu Play Store ni dola 25, unalipa mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na madalali wa Kibirizi wenye iPhone utawahesabu kwa vidole. Jua pia kwamba Google, kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, inadai programu ijaribiwe kwanza na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo ndipo uruhusiwe kuiweka hadharani. Mwanzoni walitaka 20. Wengi hukwama hapo wakiomba ndugu na majirani. Wewe watu wako watakuwa kwenye daftari.

Mwambie fundi mambo mawili bila kuremba. Programu iwe nyepesi, na iweze kuonyesha orodha ya mwisho hata mtandao ukikatika, ikiandika wazi ni ya saa ngapi. Bei ya jana inayojifanya ya leo ni mbaya kuliko kutokuwa na bei. Kama unataka kujaribu mwenyewe kwanza, App Inventor ya chuo cha MIT ni ya bure na unaifanyia kazi kwenye kivinjari. Kwa skrini tatu inatosha kabisa. Android Studio, chombo cha mafundi wenyewe, inataka kompyuta yenye RAM isiyopungua GB 8, usije ukauziwa laptopu ya GB 4 kwa kuambiwa “inapiga kazi zote”.

Kuhusu kuibiwa wazo: wazo tupu halilindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni kazi iliyokwisha tengenezwa, pamoja na programu yenyewe ikishaandikwa, na COSOTA ndio wanaosajili kazi za namna hiyo. Jina la biashara lisajili BRELA. Lakini nikuambie ukweli, fundi wa Dar hataiba wazo lako, kwa sababu hatapanda boda saa kumi na moja alfajiri kwenda kupima magunia. Anachoweza kukufanyia ni kibaya zaidi, na nimewaona vijana wakilia: akaunti ya Play Store inafunguliwa kwa jina la fundi, seva kwa barua pepe ya fundi, msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, unabaki kwenye kompyuta ya fundi, siku mkigombana huna hata cha kudai. Kila akaunti ifunguliwe kwa jina lako. Mkataba uandike kwamba msimbo ni mali yako na unakabidhiwa kila hatua unapolipa. Na ulipe kwa hatua: skrini moja inafanya kazi mkononi mwako, unalipa, nyingine, unalipa. Nusu kwanza, hapana.

Malipo ya ndani ya programu yaache. Ukianza kushika hela ya mnunuzi mpaka mzigo ufike, umeingia kwenye shughuli inayotaka leseni ya Benki Kuu. Wao walipane kwa simu kama wanavyofanya sasa. Na hizo namba za kina mama kumi ulizoandika daftarini nazo si za kuzirusha ovyo: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ukikusanya taarifa za watu kwa shughuli yako unatakiwa kujisajili kwenye Tume yake. Kwa sasa, angalau muombe kila mama ruhusa kwa mdomo kabla hujaweka namba yake kwenye kundi. Wapo ambao waume zao hawatapenda, na utaiona ile safu ya “kwa nini” ikijaa.

Rafiki yako wa gemu naye nimjibu kwa kifupi. Gemu hulipa, ndiyo, kama bahati nasibu inavyolipa. Kila mtu anamtaja Dong Nguyen wa Vietnam, aliyetengeneza Flappy Bird peke yake, ikaenea dunia nzima. Wachache wanakumbuka kwamba Februari 2014 aliiondoa mwenyewe madukani akisema imemharibia utulivu wake. Kama huyo rafiki anapenda gemu kweli, amwambie babu yake amfundishe bao, kisha aandike sheria zake zote kwenye karatasi bila kuacha hata moja, namua, mtaji, nyumba inalala lini na inavunjwa lini. Akimaliza bila kuchanganyikiwa, aje, nitamsaidia kwa moyo wote. Wewe una mama Kibirizi. Yeye ana nani?

Umeniuliza pia, pembeni kidogo, kama jina ulilolichagua ni zuri. Ni zuri, ila mama yako alitamke kwanza mara tatu akiwa anaongea na simu mwaloni, upepo unavuma. Likisikika upande wa pili, lipeleke BRELA. Halafu angalia mbingu leo usiku. Mwezi ukiwa umeanza kupungua, una siku chache tu za kutafuta daftari na mzani kabla maboti hayajarudi kazini.